Kumuuguza Mgonjwa Asiyepona: Hesabu Saa Kabla ya Fedha

Daktari akishasema kwamba ugonjwa umefika mahali ambapo hautapona tena, mazungumzo ya familia hukimbilia kwenye bei: kitanda cha hospitali ni kiasi gani, muuguzi wa kuja nyumbani anatoza nini, dawa zitafikia wapi. Hesabu hiyo inaanzia katikati. Katika miezi ya mwisho ya maisha, dawa za kutuliza mara nyingi si mzigo mkubwa. Mofini ya kunywa, ambayo ndiyo tegemeo kuu dhidi ya maumivu makali, ni dawa ya zamani isiyolindwa na hataza yoyote, yaani haki ya mtengenezaji mmoja kuiuza peke yake. Vinavyokula akiba ni viwili: saa za watu wanaomuuguza mgonjwa, na dharura za usiku ambazo hakuna aliyeziandalia mpango. Hivyo ndivyo vya kupangwa kwanza, popote mgonjwa atakapouguzwa.

Kabla ya hapo, tuondoe kosa moja linalogharimu sana. Tiba shufaa, yaani ile inayolenga kutuliza maumivu na dhiki ya mgonjwa badala ya kuufukuza ugonjwa, haisubiri siku za mwisho. Inaweza kuanza sambamba na matibabu mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Marekani ulifuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha sambaa. Nusu ya waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo walivuka miezi 11.6, kwa wenzao kiwango hicho kilikuwa miezi 8.9. Waliopewa tiba shufaa pia walipata matibabu makali kwa uchache kuliko wenzao mwishoni. Anayeichelewesha kwa kuhofia kumkatisha mgonjwa tamaa huishia kulipia matibabu makali na dharura pia. Wala asisubiri kuletewa: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji huduma hii kila mwaka, na takriban asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Iombeni kwa jina.

Gharama hufuata njia ya ugonjwa

Saratani nyingi humwacha mtu akijiweza kwa muda mrefu, kisha hali huporomoka ndani ya wiki au miezi michache. Gharama hurundikana mwishoni, kwa hiyo akiba isimalizwe mapema.

Moyo, mapafu au figo zinazoshindwa kazi huenda kwa kupanda na kushuka. Mgonjwa hulazwa, hupata nafuu isiyofika pale alipokuwa, hulazwa tena, na haijulikani ni mara ipi itakuwa ya mwisho. Hapa fedha hutoka kwa vishindo, kila kulazwa bili yake, na mpango wenye faida ni ule unaopunguza idadi ya kulazwa.

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na udhaifu wa uzee huchukua miaka. Hakuna bili moja ya kutisha. Kuna matumizi ya kila mwezi yasiyokoma, na hayo ndiyo yanayowafanya watu wauze nyumba.

Makadirio ya daktari kuhusu muda yachukuliwe kwa tahadhari. Utafiti wa Chicago uliotoka mwaka 2000, uliohusisha madaktari 343 na wagonjwa 468 waliokuwa wameingizwa kwenye huduma ya hospisi, yaani ya kuwatuliza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, uligundua kwamba makadirio yaliyokuwa karibu na ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalizidisha muda. Na kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu zaidi, ndivyo alivyokosea zaidi. Huruma nayo hukadiria. Kwa hiyo usiulize “amebakiwa na miezi mingapi?” Uliza kama jambo hili ni la siku, la wiki, la miezi au la miaka. Kisha tazama kasi ya mabadiliko: hali inayozorota mwezi hadi mwezi kwa kawaida ina miezi mbele yake, inayozorota wiki hadi wiki ina wiki, inayozorota siku hadi siku ina siku. Bajeti iandikwe mara tatu: kwa muda uliotajwa, kwa nusu yake, na kwa mara mbili yake. Ile ya mara mbili ndiyo itakayoonyesha kama mpango wenu unabebeka.

Saa 168 za wiki

Wiki ina saa 168. Mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani peke yake anahitaji mtu wa kumsikia akiita karibu saa zote hizo. Chora jedwali la siku saba, kila siku uigawe vipande vitatu: mchana, jioni na usiku. Kila kipande kiandikwe jina la mtu mmoja, si “watoto” wala “majirani”. Vinavyobaki vitupu ndivyo vya kununua.

Tuseme ndugu watatu wanaweza kutoa saa 30 kila mmoja, zote za mchana na jioni. Hizo ni 90, zimebaki 78. Usiku wa kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, kwa siku saba, ni saa 56 kati ya hizo. Familia nyingi humwajiri msaidizi wa mchana kwa kudhani kwamba usiku mgonjwa atalala. Mara nyingi ni kinyume. Maumivu, kukosa pumzi na kuweweseka huzidi usiku, na muuguzaji aliyekesha siku tatu mfululizo huchanganya dawa, huumiza mgongo wake, na mwishowe ndiye anayesema “tumpeleke hospitali tu”. Fedha zikiwa chache, usiku tatu za kulipiwa kwa wiki, yaani saa 24, huokoa zaidi kuliko saa hizohizo za mchana.

Zizingatiwe pia kazi zenyewe. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa takriban kila saa 2, na ni kazi ya watu wawili wenye shuka ya kutelezesha. Akiwa na godoro maalumu la kupunguza mgandamizo, muuguzi anaweza kuruhusu hadi saa 4. Visigino vining’inie, mto ukiwa chini ya mashavu ya miguu na si chini ya visigino vyenyewe. Kidonda cha kulalia huanza ndani ya saa chache na hutibiwa kwa wiki nyingi, na bandeji zake zikijumlishwa, godoro la kukodi lilikuwa rahisi. Nepi za watu wazima ni 4 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo mwezi mmoja ni 120 hadi 180. Kinywa kisafishwe na kuloweshwa kila baada ya saa chache, hasa mgonjwa anapopumulia mdomoni. Glavu, shuka zisizopitisha maji, sabuni ya kufua: haya madogo ndiyo yanayosahaulika kwenye bajeti, nayo hununuliwa kila wiki.

Na kuna mshahara unaopotea. Mtu akiacha kazi ili auguze, hiyo ni gharama ya familia nzima hata kama haina risiti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu aliye mbali huuona mwepesi. Iandikwe mapema anayebaki na mgonjwa atafidiwa nini kutoka mfuko wa pamoja, atapumzika siku zipi, na nani atashika nafasi yake akiugua. Makubaliano ya mdomo hufa wiki ya sita.

Nyumbani, hospisi, nyumba ya uuguzi au hospitali

Nyumbani panafaa ikiwa mambo manne yapo: usiku una mtu, dawa za dharura zimo ndani, kuna namba ya simu inayopokelewa usiku na mhudumu wa afya anayemjua mgonjwa, na ama mgonjwa anafika chooni au choo kinaweza kumfikia kitandani. Pima upana wa milango kabla ya kukodi kiti cha magurudumu au kitanda cha kupandisha na kushusha. Ngazi zikiwapo, hamishieni kitanda chini mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kuchagua dirisha analotaka kulitazama. Vifaa vikubwa vikodishwe, visinunuliwe. Vingi hutumika kwa miezi michache tu.

Neno “huduma ya nyumbani” huwapotosha wengi. Timu ya hospisi au ya tiba shufaa inayokuja nyumbani haikai. Hutembelea, pengine mara chache kwa wiki, kwa saa moja au chini ya hapo. Saa zilizobaki ni za familia. Kabla ya kukubali, uliza watakuja mara ngapi, nani hupokea simu usiku, kama wanakuja na dawa au wanaandika tu, na mgonjwa akizidiwa atapelekwa wapi. Vitanda vya hospisi yenyewe, vinapopatikana, kwa kawaida ni vya muda mfupi: kutuliza dalili zilizoshindikana, kumpumzisha muuguzaji, au siku za mwisho kabisa.

Nyumba ya uuguzi humfaa anayeuguzwa kwa miaka. Hapo usisome bei. Soma visivyokuwamo ndani ya bei. Nepi, dawa, ziara ya daktari, gari la hospitali na kufua mara nyingi huongezwa pembeni. Uliza pia ada hupanda lini, na hutozwa kwa siku ngapi baada ya mgonjwa kufariki.

Hospitali ina kazi yake. Mfupa uliovunjika, damu isiyokoma, maambukizi yanayotibika haraka au maumivu yaliyoshinda dawa za nyumbani ni sababu nzuri za kwenda. Mpango uliobadilika kwa sababu hizo haujavunjika.

Usiku wa manane

Wengi waliotaka kufia nyumbani hupelekwa hospitali usiku kwa sababu dalili imetokea na hakuna dawa ndani, wala mtu wa kumpigia. Dawa za kuwekwa tayari ni nne, kwa dalili zinazojulikana: mofini kwa maumivu na kukosa pumzi, midazolamu kwa mahangaiko, haloperidoli kwa kichefuchefu na kuweweseka, na hayosini kwa mkoromo wa kooni. Huandikwa na daktari au muuguzi mwenye ruhusa, kwa jina la mgonjwa, na kuambatanishwa na karatasi inayosema dawa ipi, kiasi gani, baada ya muda gani inaweza kurudiwa, na nani wa kupigiwa kabla ya kuitoa. Asiyeweza kumeza hupewa chini ya ngozi kwa kisindano kidogo kinachobaki mahali pake, au kwa pampu ndogo inayosukuma dawa polepole kwa saa 24. Mshipa hauhitajiki.

Mofini ina kanuni ambazo kila muuguzaji azijue. Ya kawaida ya kunywa hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa ya ukutani, bila kungoja maumivu yarudi. Maumivu yakipenya katikati, dozi ya nyongeza kwa kawaida ni sehemu moja ya sita ya jumla ya siku; anayetumia miligramu 60 kwa siku, nyongeza yake ni 10. Ya sindano chini ya ngozi ni karibu nusu ya ile ya kunywa, na kuchanganya mbili hizo ni kosa la hatari. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Kufunga choo hakuzoeleki mwilini kama kichefuchefu, ambacho mara nyingi hupungua ndani ya wiki. Misuli ikianza kurukaruka na usingizi ukizidi, figo huenda hazitoi dawa vya kutosha, na mtoa dawa ajulishwe siku hiyohiyo. Isikatishwe ghafla. Ikiongezwa hatua kwa hatua kufuata maumivu, mofini haiharakishi kifo, na hofu ya uraibu kwa mtu wa namna hii humwachia maumivu bure. Kiraka cha fentanili ni kizuri kwa maumivu yaliyotulia, si kwa dharura ya leo: huchukua takriban saa 12 hadi 24 kufanya kazi sawasawa.

Mitungi ya oksijeni nayo hukodiwa kwa hofu. Ikiwa kiwango cha oksijeni kwenye damu hakijashuka, haimsaidii mgonjwa kuliko hewa ya kawaida. Feni ndogo inayopuliza usoni, kukalishwa wima na dozi ndogo ya mofini husaidia zaidi na kwa gharama ndogo.

Matibabu yanayogharimu bila kurudisha kitu

Kila unapopendekezewa matibabu mapya, yaulizwe maswali matatu: yakifanikiwa, mgonjwa ataweza nini asichoweza leo? Tutajua lini kama yanafanya kazi? Tusipoyafanya, tutamtuliza vipi? Swali la pili ndilo lenye fedha. Likijibiwa, matibabu huwa ya majaribio yenye tarehe ya mwisho, kwa mfano siku 3 za dawa ya maambukizi, badala ya kuwa mkondo usio na pa kukomea.

Baadhi ya majibu yanajulikana. Mirija ya kulishia kwa aliyepoteza kumbukumbu na kufika hatua ya mwisho haijaonyesha kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni. Dripu za maji katika siku za mwisho mara nyingi huongeza uvimbe na mkoromo. Mdomo uliokauka hutibiwa mdomoni. Kushtua moyo uliosimama kwa sababu ya ugonjwa uliofika mwisho hufaulu kwa nadra sana, na wanaorudi mara nyingi huishia kwenye mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi, penye gharama kubwa kuliko kote. Dawa za zamani pia zipitiwe: ya kupunguza lehemu (kolesteroli), kwa mfano, hulenga faida ya miaka, na mgonjwa wa miezi anaweza kuachishwa na daktari wake. Na kutokula si chanzo cha kufa hapo. Mwili unaofunga kazi hauombi chakula, na kulazimisha huleta kutapika na kupaliwa.

Nani analipa

Anza na bima, na uisome kwa maandishi, si kwa simu. Tafuta kama huduma ya nyumbani na tiba shufaa vimetajwa, ukomo wa mwaka ni kiasi gani, vifaa vya kukodi vimo au la, na kibali kiombwe siku ngapi kabla. Kibali kilichosahauliwa ni sababu ya kawaida ya madai kukataliwa. Masharti ya muda yaangaliwe pia. Marekani, kwa mfano, mpango wa serikali wa hospisi hudai madaktari wathibitishe kwamba ugonjwa ukifuata mkondo wake mgonjwa ana miezi 6 au chini ya hapo. Anayeishi zaidi anaweza kuthibitishwa upya, hafukuzwi kwa sababu ya kalenda peke yake.

Mgonjwa asiache kazi kabla ya kujua bima ya mwajiri itakoma lini, na kama pensheni hutolewa mapema kwa ugonjwa. Bima ya maisha isiruhusiwe kukatika kwa kukosa michango wakati wa kuugua. Ni ajali ya mara kwa mara, na hufuta malipo yote ya miaka. Baadhi ya mikataba humsamehe michango mgonjwa asiyejiweza, na mingine hulipa sehemu ya fedha kabla ya kifo, mara nyingi matarajio ya kuishi yakiwa miezi 12 au pungufu. Kitakachotolewa hupunguzwa kwenye fungu la warithi, basi warithi waambiwe sasa.

Mfuko wa familia uwe na akaunti yake, watia saini wawili, na taarifa fupi kila mwezi. Mkopo wa ndugu na mchango wa ndugu ni vitu viwili. Andikeni kipi ni kipi. Kabla ya kutia saini fomu ya kulazwa, tazama kama unatia saini kama shahidi, kama msemaji wa mgonjwa, au kama mdhamini wa deni. Mahali pengi deni la mgonjwa hulipwa na mali aliyoiacha, na mtoto hudaiwa tu pale aliposaini kudhamini.

Hati, wakati mkono bado unaandika

Zinahitajika hati tofauti kwa sababu kazi zake ni tofauti: maelekezo ya matibabu anayoyataka na asiyoyataka mgonjwa, jina la msemaji wake wa mambo ya tiba, hati ya uwakilishi kwa mambo ya fedha, na wosia. Agizo la kutoshtua moyo ni la tano, nalo huandikwa na daktari, si familia. Nakala yake ikae mahali ambapo wahudumu wa gari la wagonjwa wataiona, kwa sababu bila karatasi wao hulazimika kujaribu.

Mitego miwili hurudi kila mara. Katika sheria nyingi, hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma pale mwenyewe anapopoteza akili timamu, yaani wakati ule inapohitajika, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba itaendelea. Na hati zote za uwakilishi hukoma akifariki. Akaunti yake hufungwa mpaka mirathi ifunguliwe, huku mazishi na bili za mwisho zikidai malipo wiki hiyohiyo. Fedha hizo ziwekwe mapema mahali pengine, kwa idhini yake.

Siku zikikaribia, mgonjwa hulala muda mwingi, mikono na miguu hupoa, magoti hupata mabaka, pumzi hukatika kwa sekunde nyingi kisha kurudi. Mkoromo wa kooni huwasumbua wanaosikiliza kuliko anayekoroma. Kumlaza ubavu mara nyingi hutosha. Gari la dharura si la kuitwa kwa dalili hizi. Anayeitwa ni yule wa namba ya usiku, na baada ya kifo ndiye anayejua nani mwenye mamlaka ya kuthibitisha, jambo ambalo muwe mmeliuliza na kuliandika kwenye karatasi ya dawa wiki kadhaa nyuma. Kama kifo kilitarajiwa na kimeandikwa hivyo kwenye faili, kwa kawaida hakuna haja ya kukimbia usiku huo. Asubuhi hesabuni mofini na midazolamu zilizobaki, ziandikeni, mzirudishe kwenye duka la dawa au kituo kilichozitoa. Kisha pigieni mwenye kitanda na godoro siku hiyohiyo, maana kodi huendelea kuhesabiwa mpaka avichukue.